Dawa Mbili za Mdanzi Mmoja

Mti uliosimama baina ya nyumba ya Mideva na nyumba ya jirani yake, huko Kaloleni, Nairobi, ulipandwa ukiwa mchungwa. Aliyeupanda alikuwa fundi wa reli kutoka pwani, na mche alioununua ulikuwa wa kuunganishwa: chini shina la mdanzi, ambalo haliogopi ukame wala wadudu, na juu yake kitawi cha mchungwa mtamu. Mbuzi wa mtu wakala ile sehemu tamu. Shina likachipua lenyewe, na baada ya miaka michache mti ukazaa matunda ya kupendeza macho, ya duara na yenye ngozi ya vinundu, ambayo mgeni akiyauma hutema na kuomba maji. Fundi akahama. Wapangaji waliomfuata wakauita mchungwa mbovu, na watoto wakafanya matunda yake mipira.

Mideva alihamia hapo mwaka 1978 na mumewe, Job Wakoli, aliyekuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Wakati huo alikuwa anatembeza mboga Majengo, kikapu kichwani, na siku moja aliweka madanzi mawili juu ya mboga ili mtoto wake Marion, aliyembeba mgongoni, apate cha kuchezea. Mteja wake mmoja, bibi kizee aliyeitwa Bi Mwanatumu, aliliokota moja, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa, akamtazama yule muuza mboga kama mtu anayetazama mwizi.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kwetu, uani. Ni machungwa mabovu, bibi."

"Mwanangu, haya ni madanzi. Una duka la dawa nyumbani kwako na unawapa watoto walipige mateke."

Kuanzia siku hiyo, kila Mideva alipomaliza kuuza alipita kwa Bi Mwanatumu na kuketi kwenye mkeka saa nzima. Alifundishwa kumenya ganda jembamba bila kuchukua nyama nyeupe, kulikausha kivulini na si juani, kisha kulichemsha kwa mtu aliyevimbiwa au aliyejaa gesi. Alifundishwa kwamba majani ni ya kujifukiza mafua, chini ya blanketi, na kwamba maua huchumwa asubuhi kabla jua halijayapiga, yakatiwa katika maji ya moto kwa mtu ambaye usingizi umemkimbia. Maji ya tunda lenyewe, yakitiwa chumvi kidogo, yalikuwa ya kikohozi. Mwenye mimba asipewe. Mwenye vidonda vya tumbo asipewe. Bi Mwanatumu hakuandika kitu, na Mideva naye hakuandika, lakini hakusahau hata moja.

Kufikia miaka ya tisini Bi Mwanatumu alikuwa amekwisha kufariki, na Mideva alikuwa amekuwa mtu wa kutafutwa. Hakujiita mganga, na aliyemwita hivyo alimrekebisha. Watu walikuja kwenye mlango wake wa jikoni, hawakuja ule wa mbele, wakisimama kwa adabu na kuanza na habari za watoto kabla ya kusema kinachowauma. Aliyepona alimletea kipande cha sabuni au unga kidogo. Vitu hivyo havikumshughulisha sana. Alichokipenda, na hakumwambia mtu, ni kusikia akipita njiani mwanamke akimwambia mwenzake, "Enda kwa Mama Marion. Yeye ndiye atakayejua."

Mwanzoni mwa mwaka 1995 nyumba ya upande wa pili wa mti ilipata wapangaji wapya. Maingi alikuwa dereva wa lori, Mkamba wa Mwingi, mtu wa maneno machache. Mkewe, Ndindi, ambaye watu walimwita Mama Mumo kwa jina la mtoto wake, alikuwa na maneno ya wote wawili. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, mwili mwepesi, na kicheko kilichokuwa kinavuka ukuta. Wiki ya pili alibanwa na kikohozi, akaja kwenye mlango wa jikoni kama watu wengine, na Mideva akampa dawa. Alipopona alirudi, akauliza inavyotengenezwa. Mideva, ambaye hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu, alimketisha kwenye kigoda na kumwonyesha kila kitu, kama alivyoonyeshwa yeye. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko yote. Hakuibiwa. Alitoa mwenyewe.

Maingi alikuwa akirudi kutoka Mwingi na asali, asali nzito ya rangi ya chai. Ndindi akakamua madanzi, akatia asali hiyo na tangawizi iliyopondwa, akawaonjesha watoto wa jirani. Watoto wakaomba tena. Tangu Kaloleni ijengwe hakuna mtoto aliyewahi kuomba tena dawa ya Mideva.

Watu hawakuhamia kwa Ndindi siku moja. Kwanza walihama wenye watoto, kisha wanawake vijana, kisha hata wazee walioapa kwamba dawa isiyo chungu si dawa. Walikuwa wanapita mbele ya jiko la Mideva kwenda kwa Ndindi, na wengine walijifanya wanatazama viatu vyao. Matawi ya mdanzi yalikuwa yameinamia pande zote mbili sawasawa, na mti wenyewe, kama nyumba zote zile, haukuwa wa mpangaji yeyote. Mideva akawa anaamka mapema kuchuma madanzi yaliyoiva upande wa Ndindi, kwa kuyafikia kutoka upande wake, halafu anayaweka jikoni mpaka yanaota ukungu kwa sababu hakuna wa kuyanywa.

Siku moja ya Machi mwaka uliofuata, Marion, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na kibarua katika kiwanda cha biskuti, alirudi nyumbani akikohoa. Mkononi alikuwa na chupa ya jemu iliyojaa kitu cha rangi ya dhahabu.

"Hiyo ni nini?" mama yake akauliza.

"Mathe, usikasirike. Ni ya Mama Mumo. Hii inanyweka."

"Na yangu?"

"Yako mtu anakunywa akishakubali kufa."

Job, aliyekuwa anakula, alicheka mpaka akapaliwa. Mideva alimpiga mgongoni, pengine kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika. Kuanzia siku hiyo akawa hamsalimii Ndindi mpaka aanzwe.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowafanya watu wamkimbie, nayo aliijua. Kwa miaka mitatu alikuwa hampi mtu dawa kabla hajamuuliza swali moja: "Kuna dawa ya hospitali unayomeza?" Watu walilichukia swali hilo. Wengine walikuwa wanameza na hawakutaka ijulikane. Wengine waliona anapekua mambo ya nyumba zao. Waliomuuliza kwa nini anataka kujua, aliwaambia, "Nauliza tu." Ndindi hakuwa anauliza. Ndindi alikuwa anajaza gilasi na kusimulia vituko vya Maingi barabarani.

Sababu ya swali lile ilikuwa Kavinya, mke wa karani mmoja aliyeishi nyumba ya pembeni. Mwaka 1993 Kavinya alikohoa sana, na Mideva akampa maji ya danzi wiki nzima, asubuhi na jioni. Siku ya saba, akiwa kwenye foleni ya maji penye mfereji, Kavinya alianguka kama gunia, akagonga ukingo wa saruji, jino la mbele likavunjika. Mideva na Job walimpeleka kliniki kwa mkokoteni. Huko ikajulikana kwamba tangu alipojifungua mara ya mwisho alikuwa anameza vidonge vya presha, na kwamba siku hiyo presha yake ilikuwa imeshuka mno. Wakati Kavinya amelazwa na mpira wa maji mkononi, daktari wa zamu alimvuta Mideva kando akamuuliza mgonjwa amekula nini siku hizo. Mideva akamwambia kuhusu madanzi.

"Tunasikia kwamba balungi linaweza kuzidisha nguvu ya vidonge kama hivi," yule daktari alisema. "Danzi ni ndugu yake. Mimi nisingejaribu."

Kavinya hakusikia. Alipopata nafuu alikumbuka kwamba wiki ile alifunga kula siku tatu kwa ajili ya maombi, akaamua kwamba ni njaa iliyomwangusha, na hivyo ndivyo alivyosimulia mtaa mzima. Mideva akamwachia aamini hivyo. Alijiambia kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba kuanzia hapo atauliza. Akauliza kila mtu, kwa uangalifu mkubwa, na hakumwambia hata mmoja sababu.

Julai ya 1996 ilikuwa ya baridi na mawingu, na nusu ya Kaloleni ilikuwa inakohoa. Jumamosi asubuhi, akiwa dirishani pa jiko, Mideva alimwona Mzee Phares Shitanda akiingia kwa Ndindi. Alitoka akipangusa mdomo.

Phares alikuwa mjane, mstaafu wa reli na mzee wa kanisa lao, mtu aliyeheshimika. Mwaka uliotangulia, katika mkutano mkubwa wa injili uliofanywa kiwanjani, alipanda jukwaani akasema kwamba Bwana amemponya presha, na mbele ya umati akafungua kichupa cha vidonge na kuvimwaga vyote chini. Watu walishangilia kwa muda mrefu. Miezi miwili baadaye kichwa kilitaka kupasuka. Phares hakuweza kupanga foleni kliniki, mahali ambapo washirika wenzake wangemwona. Alimwendea Job, ambaye naye alikuwa na presha na anameza vidonge vya aina hiyo hiyo, na tangu siku hiyo Job alikuwa anakwenda kliniki kila mwezi na kadi mbili mfukoni. Waliojua ni Job na mkewe peke yao.

Kwa hiyo Jumamosi ile Mideva alijua alichokiona. Alijua pia la kufanya. Akasema moyoni kwamba gilasi moja haidhuru, atazungumza kesho.

Jumapili Phares alikwenda tena kabla ya ibada. Jumatatu pia, na safari hii Ndindi alimsindikiza mpaka nje, akimcheka, akimwita babu yake wa Nairobi, naye Phares akicheka kwa kifua kilicholegea vizuri. Mzee huyo alikuwa wa Mideva. Miaka kumi alikuwa anajifukiza kwa majani aliyochuma yeye, na hakuna siku aliyocheka mlangoni pake.

Jumanne alikuwa anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, ili asiondoke dirishani. Phares alitoka kwa Ndindi, akapiga hatua nne, akasimama. Akanyoosha mkono, akalishika shina la mdanzi, akabaki ameinamisha kichwa kwa muda kama anayesikiliza kitu ardhini. Kisha akaenda zake polepole.

Kitu kilichopita ndani ya Mideva wakati ule kilikuwa furaha. Alikitambua mara moja, kwa sababu kilikuwa na joto na kilikuja na picha kamili: Phares ameanguka mlangoni kwa Ndindi, watu wamejaa, na mwanamke mmoja anauliza amempa nini. Aliiacha ile picha ikae. Akaikamilisha hata, akaongeza kwamba watu wangegeuka na kutazama upande wa jiko lake. Halafu aliona kwamba katika picha yote hiyo hakujishughulisha kumwinua yule mzee. Akaweka sufuria chini.

Jioni, Job alirudi na karatasi mbili za dawa.

"Phares anasema dunia inamzunguka akiinama kufunga viatu," alisema. "Nimemwambia ni uzee."

"Si uzee. Anakunywa madanzi kwa Ndindi."

Job aliyajua ya Kavinya. Ndiye aliyesukuma mkokoteni. Aliacha kuvua koti. "Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Na wewe umejua tangu lini?"

Job alimtazama mke aliyeishi naye miaka ishirini, akaketi.

"Mama Marion," alisema taratibu, "kesho asubuhi uende."

Alikwenda. Alianza kwa Phares, aliyemkaribisha vizuri na kumpa kiti chenye mto.

"Mzee, yale madanzi uyaache. Hayapatani na vidonge."

"Vidonge gani?"

"Mzee Phares."

"Dada Mideva, mimi vidonge nilivimwaga mbele ya watu. Wewe ulikuwepo, ulipiga makofi."

"Na hivi ambavyo Job anakuletea?"

"Ni vya ndugu yangu wa Butere."

"Ndugu yako wa Butere anachukuliwa dawa Nairobi?"

"Barabara za kwetu mbaya sana," Phares alisema, na uso wake haukutikisika. Kisha akapunguza sauti, kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Dada, nasikia wewe na yule msichana hamwelewani. Tumwombe Mungu. Roho ya wivu ni kitu kibaya."

Alitoka hapo masikio yakimwaka. Kwa Ndindi hakuketi. Alimkuta anakamua madanzi kwenye bakuli, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Mama Mumo, mtu anayemeza dawa za presha usimpe hayo."

"Karibu kwanza, Mama Marion. Nani anameza?"

"Sisemi ni nani."

"Basi niwafukuze wote?"

"Waulize. Kila mtu umuulize kabla hujampa."

Ndindi alijifuta mikono, bila haraka. "Mimi nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenifundisha, na kila mtu namwambia hivyo. Lakini tangu Machi hunisalimii mpaka nikuanze. Madanzi ya upande wangu unayachuma alfajiri, nakuona, nanyamaza. Leo unakuja kuniambia nani nimpe na nani nisimpe. Kesho utaniambia nifunge mlango."

"Si hivyo."

"Haya. Umeona wapi danzi likiangusha mtu?"

Jibu lilikuwepo, na lilikuwa na jina na nyumba mita hamsini kutoka pale. Mideva alitazama bakuli.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia," Ndindi akarudia, akachukua danzi jingine.

Kila Alhamisi saa kumi jumuiya yao ya maombi ilikutana katika nyumba ya mmoja wao, na zamu ya wiki hiyo ilikuwa ya Ndindi. Mideva alitaka kubaki nyumbani. Alikwenda kwa sababu Phares angekuwepo. Waliketi watu kumi na saba katika chumba kile, wengine kwenye kitanda, na Kavinya alikuwa karibu na dirisha, akifunika mdomo kwa kiganja kila alipocheka kama alivyozoea tangu jino livunjike. Ndindi hakupika chai. Alitoa madanzi na asali, ya moto, na watu wakafurahi.

Baada ya wimbo ukafika wakati wa ushuhuda. Katika jumuiya ile ushuhuda ulikuwa na heshima yake: mtu akisimama hakatizwi, na alichosema haulizwi maswali. Phares akasimama wa kwanza.

"Bwana asifiwe."

"Ameni."

"Nilikuwa na kifua. Nimekohoa wiki tatu. Namshukuru Mungu kwa dada yetu Ndindi na mikono aliyompa. Leo ni siku ya sita..."

Hapo akayumba. Mkono wake ulitafuta kitu hewani, ukapata bega la jirani, na magoti yakalegea. Mwanamke mmoja akasema, "Asante Yesu." Wengine wakaitikia kwa sauti ya chini, macho wameyafumba, kwa kuwa walimwona mzee ameguswa na Roho katikati ya kushukuru. Phares aliketishwa. Jasho lilimtiririka, midomo imekuwa ya kijivu, na yule mwanamke akaichukua gilasi ya mzee iliyokuwa bado nusu, akamsogezea mdomoni anywe apate nguvu.

"Usimpe," Mideva alisema. Alikuwa amekwisha kusimama.

Kila mtu akamtazama. Aliona katika nyuso zao kwamba wanajua kwa nini amesimama, na kwamba wanachojua ni wivu. Akaona pia kwamba hana njia. Akisema ya Phares, Phares atakana, na watamwamini mzee wa kanisa. Akisema amesikia, watacheka moyoni kama Ndindi.

"Bwana asifiwe," alisema.

Waliitikia wachache.

"Mimi nina ushuhuda. Ni wa miaka mitatu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wakainama mbele ili waisikie. "Mwaka wa tisini na tatu nilimpa mtu maji ya danzi kwa kikohozi. Siku saba. Sikumuuliza kama anameza dawa ya hospitali. Alikuwa anameza ya presha. Danzi likaitia dawa nguvu kupita kiasi, presha ikashuka, akaanguka mferejini. Daktari aliniambia. Mwenyewe alidhani ni kufunga, nami nikamwachia adhani, kwa kuwa nilitaka watu waendelee kuja kwangu. Mtu huyo ni Kavinya."

Kavinya alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo naomba," Mideva akaendelea, "yeyote humu ndani anayemeza vidonge vya presha, hata kama hakuna anayejua, aiweke hiyo gilasi chini. Asiseme kitu. Aiweke tu. Na mzee mlazeni, miguu iinuke."

Kwa desturi, baada ya ushuhuda mtu huanzisha pambio. Hakuna aliyejua aanzishe lipi. Phares, aliyekuwa amelazwa kitandani na miguu juu ya mto, alinyoosha mkono, akaipokea gilasi yake kutoka kwa yule mwanamke na kuishusha sakafuni. Akaisukuma uvunguni. Upande wa mlangoni gilasi nyingine ikagusa simenti, kisha nyingine, na hakuna aliyegeuka kuona ni za nani.

"Miaka mitatu," Kavinya alisema mwishowe. "Miaka mitatu nacheka nimejifunika kama mwizi. Na wewe unaniuliza habari ya asubuhi."

"Ndiyo," Mideva alisema.

"Ungeniambia tu."

"Ndiyo."

Wiki iliyofuata Kavinya alisimama katika jumuiya akasema amesamehe, na alisema kweli, lakini hakufika tena kwenye mlango wa jiko. Wala wengi wa wale waliokuwa wamebaki. Phares hakubadili ushuhuda wake wa kiwanjani. Alirudi kwenye majani ya kujifukiza, ambayo alijichumia mwenyewe, na siku ya Jumatatu alionekana kizingitini pake akifunga viatu bila kushika ukuta. Job aliendelea kwenda na kadi mbili. Alipopita dirishani Phares alimwinulia Mideva kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Katikati ya Agosti, Mideva akiwa jikoni anachambua mchicha, alisikia sauti ya Ndindi kutoka upande wa pili wa mti.

"Kabla sijakupa. Kuna dawa ya hospitali unayomeza?"

"Ya sukari."

"Basi ngoja kwanza."

Na sauti nyingine, ya mwanamke aliyekuwa anasubiri zamu: "Mama Mumo yuko makini. Anakuuliza kama daktari. Wale wa zamani walikuwa wanakupa tu, ukianguka shauri yako."

Mideva aliacha mchicha. Lile swali lilikuwa lake. Alilibeba miaka mitatu, likamfukuzia watu mmoja mmoja, na sasa katika mdomo wa mwingine lilikuwa limegeuka sifa.

Ndindi alitokea mlangoni, ule wa jikoni, akasimama nje kama wanavyosimama wenye shida.

"Mama Marion, samahani. Mtu wa sukari vipi? Bi Mwanatumu alikuambia kitu?"

Mideva angeweza kumwambia hajui. Alimtazama Ndindi, mikono yake iliyolowa, uso wake ulioacha kucheka ili kusikiliza.

"Hakuniambia," alisema. "Kwa hiyo usimpe. Mwambie amuulize daktari wake kwanza, akikubali ndipo arudi. Na kama ataruhusiwa, asali uiondoe."

"Bila asali hatakunywa."

"Yangu walikuwa wanakunywa."

Ndindi alitabasamu kidogo, akashukuru, akarudi kwa watu wake. Mideva hakuwa amemkaribisha ndani, na alijua kwamba hakumkaribisha. Akauvuta ungo, akaendelea na mchicha, kiti chake kikiwa pale pale dirishani. Mtu mmoja alitoka kwa Ndindi, mwingine akaingia, kisha wawili na mtoto. Alikuwa amefika kumi na mmoja kabla hajatambua kwamba anahesabu.